Doksi ya mbwa ni siku 28, si siku tano

Nimeletewa tena mbwa wa ulinzi kutoka upande wa Ganda, fizi nyeupe kama chokaa, damu inamdondoka puani. Mwenyewe anashangaa: "Daktari, si huyu alishapona?" Alipimwa damu, akaonekana ana homa ya kupe, akaandikiwa antibiotiki ya doksisaiklini, ndiyo doksi. Siku ya tano mbwa akala na kubweka, dawa zikapandishwa juu ya kabati.

Hili limenichosha. Doksi hushusha homa ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo mnapodanganyika. Erlikia, kijidudu kinacholeta homa hii, hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu na hujificha kwenye wengu. Kinaweza kutulia miezi kadhaa kabla ya kurudi, na kikirudi hushika uboho, pale damu inapotengenezwa. Hapo doksi ile ile mara nyingi haifui dafu.

Kipimo ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mbwa, kila siku, kwa siku 28. Mbwa wa kilo 10 humeza kidonge kimoja cha miligramu 100 kwa siku, jumla 28. Wa kilo 20 ni viwili, jumla 56. Nunueni vyote siku moja. Anayenunua kumi kwanza harudi dukani, nawajua. Mbwa akitapika, daktari anaweza kugawa kipimo asubuhi na jioni, baada ya kila saa 12. Ukisahau siku moja, usimpe mara mbili kesho yake.

Na kilo zisikadiriwe kwa macho. Mfunge mbwa kwenye leso, umtundike kwenye mizani ya muuza mkaa. Au mbebe, mpande mizani pamoja, kisha utoe uzani wako. Wa kilo 15 anahitaji kidonge kimoja na nusu, kwa hiyo omba vidonge vyenye mstari katikati. Kapsuli haikatwi, na unga wake haupimwi kwa ncha ya kisu! Mpe na chakula, ila si maziwa, kwa sababu kalsiamu huishika dawa isiingie mwilini. Mbwa mwenye mimba na mtoto wa mbwa waachieni daktari aamue.

Kuna pia wanaomdunga mbwa sindano moja ya oksitetrasaiklini iliyobaki kwa mbuzi, wakahesabu wamemaliza. Sindano moja haishiki nafasi ya siku 28.

Lakini msije mkabeba hizo siku 28 kila mahali. Ni za homa ya kupe. Jipu la paka aliyeumwa na mwenziwe linataka kupasuliwa na kuoshwa kwanza. Mafua ya paka mara nyingi ni virusi, na mbwa anayeharisha huku akila na kucheza kwa kawaida hahitaji antibiotiki. Zile doksi za juu ya kabati ndizo baadaye anazopewa paka anayepiga chafya. Kapsuli ikikwama kavu kooni mwake humchoma, apate kidonda na njia ya chakula ibane. Daktari akimwandikia kweli, kila kidonge kifuatwe na maji mililita 6 kwa sirinji isiyo na sindano.

Kupe nao. Yule wa kahawia akishiba huanguka, akapanda ukutani kutaga. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina nyufa tele, na banda la makuti ni hivyo hivyo. Pigeni dawa kwenye nyufa pamoja na mbwa, la sivyo ataambukizwa tena. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi isimguse paka, ni sumu kwake.

Anayepona hula na fizi hurudi rangi ya waridi. Hata hivyo, vidonge vikiisha mleteni apimwe damu tena, tuhesabu chembe za kugandisha damu.