SOMO: Mkaa wa mapanki wa kuchuja floridi kwenye maji

Habari wakuu. Wa huku Arumeru mnajua maji yetu, mtoto anabadilisha meno yanatoka ya kahawia tayari, na bado utasikia mtu "aah mi nachemsha". Kuchemsha hakutoi floridi, yale madini ya kwenye maji yanayoharibu meno! Maji yanapungua, floridi inabaki humohumo, so unazidi kuikoleza. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita na vyanzo vingi huku vimepita hapo mbali sana.

Mkaa wa mifupa sio kitu kipya, kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floridi wameufanyia kazi miaka mingi, wengi wanatumia ya ng'ombe. Mimi natumia mapanki, yale mafremu ya sangara yanayobaki minofu ikishatolewa, naletewa na jamaa wa gari la samaki la Mwanza.

1. Chemsha mapanki mpaka nyama iachie, kwangua, osha mafuta yatoke, anika juani mpaka mfupa ukiuvunja unalia ka! Ukiruka hii mkaa wako utanuka na maji yatanuka.

2. Jaza kwenye debe la mafuta ya kula, funika, toboa tundu moja la msumari kwenye mfuniko la kutolea moshi. Hewa isiingie.

3. Kuchoma. Hapa ndo wengi wanaharibu. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 400 mpaka 500, kipimajoto hatuna kwa hiyo angalia moshi, mwanzo unatoka mzito wa njano unanuka balaa (fanyia mbali na majirani, mi nishagombezwa), baadaye unakuwa mwembamba halafu unakata. Ukikata toa kuni, ACHA DEBE LIPOE mpaka kesho. Mimi mara ya kwanza nikafungua likiwa la moto, hewa ikaingia, nikaona mifupa inawaka wekundu mbele ya macho yangu, asubuhi imebaki myeupe kama chokaa. Kazi bure.

Unavunja kipande unaangalia ndani: mweusi tii ndio wenyewe, kahawia haujaiva rudisha, mweupe umeungua na nguvu ya kushika floridi imeshuka.

4. Twanga, chekecha, chukua zinazolingana na chenga za mchele. Unga weka pembeni, unaziba.

5. Osha mpaka maji yatoke meupe, weka kwenye ndoo yenye koki juu ya kokoto safi, maji yapite POLEPOLE. Ndoo za mwanzo mwaga.

MASWALI

Dada wa Usa River: Inaua na vijidudu?
– Hapana dada. Chuja kwanza, halafu chemsha au weka klorini.

Mdau: Dagaa je? Ninao kiroba kimeoza.
– Mfupa wake mwembamba mno, utapata unga tu. Hao wape kuku, kama hawajaoza sana.

Ustadhi: Ya ng'ombe niliikataa sababu hujui kachinjwaje. Hii vipi?
– Samaki hachinjwi ustadhi, ndo maana mzee wangu hapa nyumbani naye amekubali kunywa.

Mdau: Nitajuaje mkaa umechoka? Ladha itabadilika?
– Haibadiliki, floridi haina ladha kwa kiasi hicho, ndo ubaya wake. Lazima upeleke maji maabara, ya kabla na ya baada, halafu rudia kila baada ya muda. Inategemea maji yako yana floridi kiasi gani na mnatumia ndoo ngapi, so usikopi siku za mwenzio.

Mama Wawili: Nichuje ya kunywa tu? Ya kupikia ni mengi jamani.
– Chuja na ya kupikia mama, maharage yananyonya maji yote yale. Na kama unaweka magadi acha kwanza, magadi ya huku yenyewe yana floridi, unachuja huku unarudishia kwenye sufuria.

Mdau: Unauza?
– Hapana mkuu, debe moja linanitosha mwenyewe. Nikipata mapanki mengi nitasema.