Faharasa ya Kitabu Kirefu Chenye Faili Nyingi: Namna Ninavyoifanya katika InDesign

Mwongozo huu umetokana na kitabu cha maalim mmoja mstaafu wa Wete: historia ya Unguja na Pemba, sura 18, kila sura na faili yake, kurasa zinapita 500. Sura hizo zilipigwa chapa na watu mbalimbali, wengi wao wajukuu zake, kila mtu na kompyuta yake na mazoea yake. Nilikuwa nikimsaidia kijana aliyepewa kukipanga, na tulipofika kwenye faharasa, ile orodha ya mwisho wa kitabu ya majina na mambo pamoja na kurasa zake, ndipo tulipokaa khasa.

Natumia InDesign, programu ya kupanga kurasa za vitabu. Wenye LaTeX wana njia yao ya amri, na LibreOffice ina hati kuu inayounganisha sura na kutoa faharasa bila ya malipo. Sina ugomvi nao. Lakini kitabu chenye picha, ramani na majedwali ya bei za karafuu mimi sikipangi pengine. Nachukulia kwamba kupanga kurasa na kutumia mitindo ya aya unakujua.

Jambo moja lishike tangu mwanzo, maana kila taabu iliyomo humu inatoka hapo: programu haijui maana ya neno. Inalinganisha herufi kwa herufi, basi. Kwako wewe Darajani ni Darajani vyovyote itakavyoandikwa. Kwake yeye herufi moja ikitofautiana, hayo ni mambo mawili.

Hatua ya 1: Unganisha sura

"File", "New", "Book". Tia sura zote kwa mpangilio wake, hakikisha namba za kurasa zinaendelea kutoka sura hadi sura, kisha ongeza faili tupu mwishoni kwa ajili ya faharasa yenyewe. Faili ya kitabu huhifadhiwa peke yake. Kuhifadhi sura hakutoshi. Nakili folda nzima kwenye diski ya nje kabla ya kuendelea, umeme wetu mnaujua.

Hatua ya 2: Safisha ritifaa

Ritifaa ni kile kialama cha juu kinachofuata ng katika neno kama ng’ombe. Hapa ndipo yalipokwenda masaa, kwa hivyo nistahamilieni.

Faharasa ya majaribio ilitoka na Ng’ambo, ule upande wa pili wa mji wa Zanzibar, mara mbili. Moja ilikuwa na kurasa zake, na chini yake ya pili ikawa na kurasa nyingine kabisa, na kwa macho zote zilikuwa sawasawa. Tukatafuta kama kuna herufi kubwa na ndogo, hakuna. Tukatafuta nafasi iliyozidi, hakuna. Tulipokuza ukurasa mpaka herufi zikawa kubwa kama vigae ndipo tukaona: ritifaa moja imenyooka, nyingine imepinda. Aliyeandika sura kwenye Word alipindishiwa na Word bila ya kuombwa. Aliyeandika kwenye simu akabaki na iliyonyooka. Kisha wapo wanaotumia kile kialama cha mshazari kilicho juu kushoto kwenye kibodi, chini ya kitufe cha kutorokea. Na mahali pachache ilikuwepo iliyopinda kushoto. Ritifaa nne katika kitabu kimoja, na historia ya Zanzibar haiandikwi bila ya Ng’ambo.

Dawa ni kutafuta na kubadilisha, lakini ina mitego yake.

Kwanza, fungua sura zote, na kwenye kisanduku cha kutafuta chagua "All Documents". Usipofanya hivyo utasafisha sura moja na kudhani umemaliza.

Pili, ukiandika ritifaa ya kawaida kwenye sehemu ya kutafuta, InDesign inakuletea iliyonyooka na zilizopinda kwa pamoja. Huwezi kujua ipi ni ipi. Tumia alama zake maalumu: ^' ni iliyonyooka, ^[ ni iliyopinda kushoto, ^] ni iliyopinda kulia. Mimi hutafuta ng^' na kuweka ng^], kisha ng^[ na kuweka ng^], kisha ng ikifuatwa na ule mshazari.

Tatu, washa kitufe cha kuheshimu herufi kubwa na ndogo. Kisipowashwa, Ng’ambo itageuka ng’ambo, na utakuwa umeutibu ugonjwa kwa kuleta mwingine. Kwa hivyo kila zoezi lirudie kwa ng, kwa Ng, na kwa NG ikiwa vichwa vya sura vimeandikwa kwa herufi kubwa.

Nne, usibadilishe ritifaa zote za kitabu kwa mkupuo. Kitabu cha historia ya huku kina majina ya Kiarabu yaliyonukuliwa na wasomi, na wao hutumia ile iliyopinda kushoto kuonyesha herufi ayn, kama katika Sa‘id. Ukiifuta hiyo umeharibu nukuu. Kiswahili hakina neno linaloishia na ng, kwa hivyo ukijifunga kwenye ng na ritifaa yake uko salama karibu kila mahali. Pasipo salama ni kwenye nukuu za Kiingereza kutoka ripoti za wakoloni, ambako neno linaloishia hivyo huweza kufungiwa alama ya kunukuu. Sura zenye nukuu hizo zipitie moja moja. Usibofye "Change All".

Tano, na hii ndiyo sababu ya hatua hii kuwa ya pili na si ya saba: kutafuta na kubadilisha hakugusi maneno yaliyomo ndani ya alama za faharasa, vile vialama vilivyofichwa utakavyovitia surani katika hatua ya 5. Ukishatia alama ndipo ukakumbuka ritifaa, maandishi ya ukurasani yatasafika na faharasa itabaki na uchafu wake. Wakati huo itabidi urekebishe kila neno la faharasa kwa mkono, faili baada ya faili.

Ukiwa bado umefungua kila kitu, ondoa na nafasi mbilimbili.

Hatua ya 3: Orodha ya vidahizo

Vidahizo ni yale maneno yanayoorodheshwa kwenye faharasa; programu huyaita mada, "Topic". Hapa nina msimamo mkali. Orodha iandikwe kwanza kwenye jedwali, ichapishwe kwenye karatasi, mwandishi aipitie kwa kalamu, ndipo iingie kwenye programu. Wanaotia alama huku wanabuni vidahizo njiani huishia na "karafuu" sura ya tatu, "mikarafuu" sura ya tano na "zao la karafuu" sura ya tisa. Lugha yetu hubadilisha mwanzo wa neno, na faharasa hupangwa kwa mwanzo wa neno. Kwa hivyo amua: kidahizo ni karafuu, na chini yake ndipo pakae bei, kimbunga cha 1872, magendo, uchumaji. Vitenzi vya ku- usiviweke hata kimoja, la sivyo nusu ya faharasa itajaa kwenye K.

Ngazi mbili zinatosha. Programu inaruhusu nne, lakini msomaji hakuja kupanda ngazi.

Majina ya watu yanataka kikao chake. Desturi ya Kizungu ya kutanguliza jina la mwisho huku haifai kwa kila mtu. Said bin Sultan hawezi kuwa "Sultan, Said bin". Huyo ni Said, na Sultan ni baba yake. Vivyo hivyo Siti binti Saad atafutwe kwenye S ya Siti. Lakini Karume kila mtu atamtafuta kwenye K, kwa hivyo "Karume, Abeid Amani" ni sawa. Seif Sharif Hamad nimemuweka kwenye S, kwa kuwa sijapata kumsikia Mzanzibari akimtaja kwa Hamad, na kwenye H nikaweka elekezo tu la kumpeleka msomaji kwenye S. InDesign ina njia ya mkato ya kutia jina na papo hapo kulipindua, mimi nimeizima.

Masultani wanachanganya kwa majina kufanana. Tia miaka ya utawala ndani ya kidahizo: Khalifa bin Said (1888–1890), Khalifa bin Haroub (1911–1960), Ali bin Said (1890–1893), Ali bin Hamoud (1902–1911). Bila ya hivyo, atakayetia alama sura ya 11 akiwa amechoka atampa Khalifa mmoja kurasa za mwenziwe.

Cheo kisiongoze mpangilio. Seyyid, Sheikh, Bibi na Maalim waandike ukitaka, lakini kwenye sehemu ya "Sort By", pale unapoiambia programu neno lipangwe kwa herufi zipi, weka jina tupu. Hapo hapo ndipo pa kuwekea Murjebi kwa el-Murjebi, na Ngambo bila ya ritifaa kwa Ng’ambo, ili lisiruke mahali pake. Bi Kidude nilimuandika "Kidude, Bi (Fatuma binti Baraka)".

Tahajia nayo iwe moja: Barghash au Bargash, chagua.

Hatua ya 4: Ingiza orodha katika kila sura

Paneli iko kwenye "Window", "Type & Tables", "Index". Chagua upande wa "Topic" na uingize orodha yote, pamoja na "Sort By" zake, ndani ya ile faili tupu ya faharasa. Kisha fungua sura ya kwanza, na kwenye menyu ya paneli chagua "Import Topics", elekeza kwenye faili ya faharasa. Rudia kwa kila sura.

Kila faili ina orodha yake ya mada. Kusawazisha mitindo ya kitabu hakuhamishi mada, na ukishaziingiza hakuna uzi unaoziunganisha tena. Ukibadilisha tahajia kwenye faili moja, nyingine hazina habari. Ndiyo maana nikataka kalamu ya mwandishi ipite kabla. Usiogope mada zisizotumika katika sura fulani; mada isiyo na ukurasa haitoki kwenye faharasa.

Hatua ya 5: Tia alama

Rudi upande wa "Reference" na uweke tiki kwenye "Book" ili uone alama za sura zote zilizofunguliwa. Soma sura. Ndiyo, uisome. Ukifika penye jambo, weka kishale mbele ya neno, fungua kisanduku cha rejeo jipya, kisha chagua mada kutoka kwenye orodha iliyo chini kwa kuibofya mara mbili. Usiiandike upya.

Kuna kitufe cha "Add All" kinachotia alama kila mahali neno lilipo ndani ya faili. Sikipendi. Kinatafuta neno zima kama lilivyo, kwa hivyo mikarafuu itakipita. Na kwa neno kama Unguja kitakuletea safu ya namba isiyomsaidia mtu. Ukurasa unaosema mtu fulani "alipanda meli kutoka Unguja" si ukurasa wa habari za Unguja. Nakitumia kwa majina adimu tu, ya vijiji vidogo au meli.

Mjadala ukivuka kurasa, kwa mfano habari za Mapinduzi ya 1964, usitie alama kila ukurasa. Chagua aina ya masafa, yaani rejeo linaloanzia ukurasa mmoja hadi mwingine, kwa idadi ya aya. Ipo pia kwa idadi ya kurasa, lakini picha moja ikihama hesabu hiyo inapotea. Aya huhama na maneno yake.

Washa herufi zilizofichwa uone alama zilipo, kwa sababu mtu akifuta sentensi na kuiandika upya, alama iliyokuwa ndani inakwenda nayo.

Hatua ya 6: Tazama, na Tazama pia

Programu itakupa maneno ya Kiingereza. Chagua elekezo la kubuni na uandike "Tazama" au "Tazama pia". Maelekezo yote yaweke katika faili ya faharasa, si kwenye sura, ili ujue pa kuyatafuta.

Hatua ya 7: Toa faharasa

Fungua faili zote, sasisha namba za kurasa kutoka paneli ya kitabu, nenda kwenye faili ya faharasa na uchague "Generate Index". Weka tiki kwenye "Include Book Documents". Ikiachwa utapata faharasa tupu ya faili tupu. Mara ya pili na kuendelea weka tiki na kwenye "Replace Existing Index". Kwenye chaguo za ziada badilisha kinachofuata mada kiwe mkato na nafasi moja, na alama ya masafa iwe kistari kirefu. Tabaka zilizofichwa usizijumuishe.

Ikikuuliza kuhusu maandishi yaliyofurika, simama. Maana yake kuna fremu isiyotosha maneno yake, na alama zilizomo humo hazina ukurasa. Nenda ukarekebishe fremu.

Yanayotoka ni maandishi ya kawaida. Ukiyasahihisha hapo, utoaji unaofuata utayafuta masahihisho yako yote. Kosa la kidahizo lirekebishe kwenye mada yake.

Hatua ya 8: Kagua

Pitia faharasa ukitafuta vidahizo vinavyofanana vilivyopakana, hao ndio mapacha wa ritifaa na wa herufi kubwa. Kidahizo chenye namba nyingi mfululizo kigawe. Kisha mpe mtu asiyekijua kitabu achague vidahizo mwenyewe na afungue kurasa. Mwandishi hafai kwa kazi hii, anajua kila kitu kilipo.

Mwandishi akileta aya mpya baada ya hapo, na ataileta, namba zitajirekebisha ukirudia hatua ya 7. Ila aya yenyewe haina alama hata moja. Isome, na itie alama kwanza.