Kabla Hujakadiria Ukubwa wa Atomi kwa Mizani na Silinda ya Maji

Ukijua sentimita moja ya ujazo ina gramu ngapi za shaba, na gramu hizo zina atomi ngapi, kinachobaki ni kugawanya. Mizani inakupa gramu, na kiasi maji yanavyopanda kwenye silinda kinakupa ujazo. Hesabu haijazi nusu ukurasa. Kazi huharibikia kwenye maandalizi, hasa uchaguzi wa kitu cha kupima.

Tafuta elementi moja, yabisi, isiyochanganywa. Shaba nyekundu ya nyaya za umeme inafaa sana. Sarafu na funguo aghalabu ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, na jibu lake litakuwa wastani wa atomi za aina mbili au zaidi. Gesi iache kabisa. Njia hii inachukulia kwamba chembe zimegusana, ilhali hewani molekuli zimeachana mbali. Ukilazimisha utapata nanometa 3 na zaidi, na huo ni umbali kati ya molekuli, si ukubwa wake. Sodiamu na potasiamu usizitie majini hata kidogo.

Shaba iwe ya kutosha. Gramu 20 hupandisha maji mililita 2 na kidogo tu, na kwenye silinda yenye alama za mililita moja moja utakuwa unabahatisha. Gramu 90 hupandisha mililita 10. Menya plastiki yote, na kama waya umetoka kwenye mota, kwangua vanishi pia. Ukate vipande vifupi vilivyonyooka, maana waya uliosokotwa hubeba mapovu ya hewa, nayo yatahesabiwa kuwa ni shaba.

Hata hivyo, usihangaike kuazima mizani ya sonara. Ukikosea ujazo kwa asilimia 10, ukubwa wa atomi utapotoka kwa asilimia 3 hivi tu, kwa sababu mwishoni unatafuta kipeuo cha tatu, nacho hupunguza makosa. Wasiwasi wako uweke kwenye vipeo vya kumi.

Kwa shaba, moli moja (fungu maalumu la atomi) ni gramu 63.55 na msongamano ni gramu 8.96 kwa sentimita ya ujazo, hivyo moli inachukua sentimita za ujazo 7.09. Gawanya kwa namba ya Avogadro, yaani idadi ya atomi katika moli moja, 6.022 × 10²³, upate sentimita za ujazo 1.178 × 10⁻²³ kwa kila atomi. Sasa tafuta kipeuo cha tatu. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa 23 haigawanyiki kwa 3. Iandike 11.78 × 10⁻²⁴, na kipeuo kitakuwa 2.28 × 10⁻⁸ za sentimita, yaani nanometa 0.228.

Namba ya Avogadro tunaipewa bure siku hizi. Mwaka 1865 mwanasayansi wa Austria, Josef Loschmidt, hakuwa nayo. Ilimbidi aunganishe mwenendo wa gesi na msongamano wa vimiminika, akapata molekuli za hewa zenye kipenyo cha takriban nanometa 1. Alizidisha kama mara tatu, lakini kwa wakati ule ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Amua pia mapema unatafuta nini. Hiyo 0.228 ni upande wa mchemraba ambao kila atomi imegawiwa. Ukiichukulia atomi kuwa tufe, kumbuka kwamba matufe ya shaba hujaza asilimia 74 tu ya nafasi (ya chuma asilimia 68). Ukirekebisha, kipenyo kinafika nanometa 0.255, na vipimo vya eksirei vinakubali.

Kisha andika ubashiri wako kabla ya kupima chochote. Dhahabu ina msongamano mara saba ya alumini. Atomi yake ni kubwa kiasi gani? Moli ya dhahabu huchukua sentimita za ujazo 10.2, ya alumini 10.0. Zinakaribia kulingana! Tofauti yote iko kwenye uzito wa atomi. Risasi ndiyo yenye atomi kubwa kweli, sentimita za ujazo 18.3 kwa moli, ila nawa mikono ukishaishika.

Ukitaka kutumia chumvi ya mezani, pima ndani ya mafuta ya kula, kwa kuwa majini itayeyuka. Gawanya kwa mara mbili ya namba ya Avogadro, maana kila fomula ina ayoni (atomi zenye chaji) mbili. Ukianza na msongamano wa 2.165 utapata nanometa 0.282, na huo ndio umbali halisi kati ya ayoni ya sodiamu na ya kloridi, bila marekebisho yoyote, kwa sababu ayoni za chumvi zimejipanga kimchemraba.