Jinsi ya kumwandalia mzee asiyeona simu inayosoma kwa sauti

Ninafundisha wasioona kutumia simu hapa Dodoma mjini. Wengi ni wazee wa Chamwino na Kongwa, wanaokuja wameshikwa mkono na wajukuu. Mjukuu ndiye ninayemwandikia.

Kabla ya simu, mpeleke kwa mtaalamu wa macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, mtu akaona tena. Trakoma, iliyowatesa watu wa Kongwa miaka mingi, hugeuza kope zikalikwaruza jicho. Kope hurekebishwa, lakini uoni ulioharibiwa na kovu haurudi kwa upasuaji huo. Kwa hiyo wahini.

Hatua ya 1: sauti ya Kiswahili. Kwenye Mipangilio ya Android, tafuta sehemu ya kugeuza maandishi kuwa matamshi (jina hutofautiana simu hadi simu). Chagua injini ya Google, kisha pakua Kiswahili. Ikishapakuliwa inasoma hata bando likiisha. Usiiruke hatua hii. Sauti ya Kiingereza ikisoma meseji ya Kiswahili, mzee haambulii kitu, na ataamini simu ni ya wasomi.

Hatua ya 2: washa TalkBack, programu ya Android inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Iko kwenye Ufikivu, ndani ya Mipangilio. Hapo hapo weka njia ya mkato: ukibana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, sekunde 3 hivi, inawaka au inazima. Kuanzia sasa mguso mmoja unasoma tu, haufungui kitu. Simu haijaharibika.

Hatua ya 3: simu ikae mkononi mwake. Hapa ndipo familia nyingi zinaharibu. Kidole kikiteleza kulia, inasoma kinachofuata. Kushoto, inarudi nyuma. Akigusa mara mbili harakaharaka, kinafunguka. Siku ya kwanza mpe kazi moja: ampigie mwanawe. Bibi mmoja alipita taratibu "Fundi Bomba", "Mjomba Arusha", "Mwenyekiti", mjukuu wake akinyoosha mkono kila mara ili amsaidie. Nikamzuia. Bibi akafika kwa binti yake, akagusa mara mbili, simu ikaita. Kesho yake alipiga mwenyewe bila kuuliza.

Hatua ya 4: mweleze kwamba TalkBack haioni. Kwa kawaida inasoma maneno ambayo mtengenezaji wa programu ameyaweka nyuma ya kila kitufe. Ikisema kitufe hakina lebo, mtengenezaji hakuandika, na si kosa la mzee. Mara nyingi unaweza kukipa jina kupitia menyu ya TalkBack.

Hatua ya 5: pesa. Menyu za nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa, hujifunga ukichelewa, na anayesubiri orodha yote isomwe hukatwa katikati. Mkaririshe mpangilio wa namba za huduma anazotumia, ajibu bila kungoja. Avae spika za masikioni, maana namba ya siri inaweza kusomwa kwa sauti anapoiandika. Na aiandike mwenyewe, hata kama kujifunza kutachukua wiki nzima. Asimtajie wakala, wala wewe.