Una fizikia ya kidato cha sita? Chagua digrii kwa hatua hizi

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Dar es Salaam. Matokeo yakitoka, swali la kwanza la wazazi na wanafunzi huwa ni kozi ipi ina ajira. Mimi nawaomba waanze na alama, tena somo moja moja, maana hizo ndizo zinazoamua unaweza kuomba nini.

Hatua ya 1: Hesabu pointi zako upya

Kwenye matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani), A ni pointi 1 na E ni pointi 5, kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Kwenye udahili wa vyuo vikuu hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kima cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni pointi 4 kutoka masomo mawili, na masomo hayo ni yale yanayotajwa na programu unayoiomba.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukua mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) mwenye Kemia B, Fizikia D na Hisabati E. NECTA inampa pointi 11, daraja la pili, na nyumbani wanashangilia kwa haki kabisa. Akiomba uhandisi unaotaka Fizikia na Hisabati, ana pointi 3 tu, hapati. Akiomba programu inayokubali Kemia na Fizikia, ana 6. Matokeo ni yaleyale, na dirisha zima la maombi linaweza kupotea kwa sababu hakuna aliyekaa naye na kalamu.

Hatua ya 2: Pima tahasusi (mchanganyiko wa masomo) yako

PCM ndiyo yenye njia nyingi: uhandisi wa umeme, mitambo au ujenzi pale Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), sayansi ya kompyuta, hali ya hewa. Wa PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) watazame Chuo Kikuu Ardhi, hasa upimaji ardhi na jiomatiki. Wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wanafikiria udaktari MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na ni sawa, ila wakumbuke fizikia inahesabiwa huko pia; nawasihi wasiiache ianguke kwa kukimbilia biolojia. BAM, yaani hisabati ya msingi wanayosoma wasiochukua Hisabati ya Juu, haichukui nafasi ya Hisabati ya Juu, kwa hiyo uhandisi mwingi hautawapokea wenye BAM pekee.

Hatua ya 3: Rudi kwenye mada uliyoipenda

Jiulize ni mada gani ulikuwa unafanya maswali yake bila kusukumwa.

Kama ni umeme, nchi ina kazi kubwa mbele yako. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na treni ya SGR (reli ya kisasa) kutoka Dar hadi Dodoma inaendeshwa kwa umeme. Kama ni mionzi na atomu, Taasisi ya Saratani Ocean Road inatibu wagonjwa kwa mionzi, na dozi yake lazima ipigiwe hesabu na mtu anayeielewa fizikia. Mwenye kupenda mekanika aulizie matengenezo ya ndege NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji), Mabibo, au uhandisi wa meli DMI (Chuo cha Bahari Dar es Salaam).

Na ualimu. Nasema kwa moyo wote: usiuweke mwisho wa orodha kama mabaki. Shule zetu zina njaa ya walimu wa fizikia wanaoipenda.

Hatua ya 4: Andaa nyaraka, kisha omba

Pakua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huohuo. Wa kaka yako wa miaka miwili iliyopita usiutumie, vigezo hubadilika. Maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni. Kwa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa hiyo kishughulikie kabla matokeo hayajatoka.

Pointi zikipungua, tafuta stashahada kwenye mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. DIT wanazo za uhandisi, na ukimaliza kwa ufaulu mzuri unaweza kuomba digrii kutokea hapo.

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo unachokitaka. Ithibitishe kabla ya tarehe ya mwisho, kwa laini ya simu iliyo mkononi mwako mwenyewe, si ya mwenye steshenari aliyekujazia fomu.