Kupima mtetemo wa mashine mikononi mwa mafundi: anza na muda

Juzi nilikaa na msimamizi wa karakana aliyekuwa tayari kununua vipimo vya bei mbaya, ilhali hajui mafundi wake wanashika mashine muda gani kwa siku. Nilimpitisha hivi.

Hatua ya 1: Orodhesha mashine

Grenda, drili ya kugonga, mashine ya kuvunjia zege, msumeno wa mnyororo. Na nani anatumia ipi.

Hatua ya 2: Pata kiwango cha mtetemo

Kimo kwenye kijitabu cha mashine, kwa m/s² (mita kwa sekunde mraba, kipimo cha ukali wa mtetemo). Usikiamini sana: hupatikana kwa majaribio maalumu, na kazini mara nyingi hupanda. Diski iliyolika upande mmoja inatosha kukipandisha. Ukipima mwenyewe, funga kihisio kwenye mpini pale kiganja kinaposhika, na upime pande zote tatu: mbele-nyuma, kushoto-kulia, juu-chini. Bangili zinazodai kupima mtetemo kwenye kifundo cha mkono mimi sizitaki. ISO 5349, kanuni ya kimataifa ya kupima mtetemo wa mikononi, inahusu mtetemo unaoingia kiganjani kutoka kwenye mpini.

Hatua ya 3: Pata muda halisi

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukimuuliza fundi, "Leo umetumia grenda muda gani?", atakwambia saa sita, na hasemi uongo. Anahesabu tangu alipoichukua hadi alipoirudisha: kupanga vyuma, kubadilisha diski, kusubiri mwenzake. Tunachotaka ni muda ambao mashine inatetemeka huku ameishika.

Simama pembeni na simu, washa saa anapobonyeza swichi, isimamishe mtetemo unapokoma. Grenda huendelea kuzunguka baada ya swichi kuachiwa. Kama bado iko mkononi, hesabu. Fuatilia mizunguko kadhaa ya kazi, siyo mmoja, tena bila kumtangazia fundi kwamba unataka namba ndogo au kubwa. Ukichukua video ni nafuu zaidi: mlio peke yake unakuonyesha mashine ilipowaka na kuzimwa.

Kwa kazi zinazojirudia, hesabu kazi yenyewe. Shimo moja likichukua sekunde 20 na fundi akatoboa 90, hizo ni dakika 30. Njia hii naipenda kuliko kifaa chochote.

Vihesabio vya kubandika kwenye mashine vinasaidia, ila havijui nani ameishika. Mashine moja ikitumiwa na watu watatu, namba ni ya mashine, si ya mtu. Vingine huhesabu hata inaporuka ndani ya gari.

Na hili huwaponyoka wengi: muda lazima ulingane na kipimo. Kama mtetemo ulipimwa mashine ikifanya kazi mfululizo, tumia muda wa kufanya kazi tu. Kama wastani ulijumuisha mapumziko mafupi, basi na muda uyajumuishe. Ukichanganya, jibu halina maana hata kama kifaa chako ni cha dhahabu.

Hatua ya 4: Hesabu

Tumia pointi za Uingereza, zinazoonyesha mtetemo aliopata mtu kwa siku: mtetemo mara mtetemo, mara 2, ndizo pointi za saa moja. Jumlisha za siku nzima kwa kila mtu. Pointi 100 ni sawa na 2.5 m/s² kwa saa nane, kiwango cha kuanza kuchukua hatua katika sheria za Umoja wa Ulaya. 400 ni 5 m/s², kikomo kisichovukwa.

Grenda ya 6 m/s² kwa saa moja na nusu: pointi 108. Ya kuvunjia zege ya 12 kwa dakika 20: 96. Jumla 204, hatua zinahitajika. Ungechukua zile "saa sita" za grenda, peke yake ingefika 432 na ungesimamisha kazi bure.

Hatua ya 5: Punguza

Anza na mashine, kwa sababu mtetemo ukipungua nusu, pointi zinabaki robo. Muda ukipungua nusu, zinabaki nusu. Glavu zinazouzwa kuwa zinazuia mtetemo zisikufanye upunguze pointi kwenye hesabu.

Fundi akisema vidole vinakufa ganzi au vinageuka vyeupe kwenye baridi, mpeleke kwa daktari hata kama pointi zake hazijafika 100.