Namna ya Kuingiza Mradi wa Kijiji Kwenye Mpango wa Kampuni ya Gesi: Songo Songo, Kilwa

Gesi ya kisiwa cha Songo Songo iligunduliwa 1974 na kuanza kwenda Dar es Salaam kwa bomba 2004. Sheria ya Petroli ya 2015 inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii, na kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango huo. Mlango wenu uko hapo, si ofisini kwa meneja.

Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji. Chagueni mradi mmoja, mwandike muhtasari, mwenyekiti na mtendaji wasaini, kisha upite kata hadi halmashauri kabla bajeti haijafungwa. Barua isiyo na muhtasari huonekana ya mtu binafsi, hata iwe na mihuri mitatu.

Kwenye makadirio ndipo miradi ya visiwani hufia. Bei ya saruji ni ya bara; ongezeni nauli ya jahazi, wapakuzi, na mifuko itakayolowa. Kisima kipimwe chumvi mwisho wa kiangazi, maana ukisukuma maji kupita kiasi, bahari huingia chini na maji hayanyweki tena. Ikiwa ni boti ya wagonjwa, andikeni pia mafuta, nahodha, plagi, propela ya akiba na mtu wa kusuuza injini kwa maji yasiyo ya chumvi kila safari. Kampuni hupenda kukabidhi boti mbele ya kamera. Petroli ya mwezi wa nne baada ya makabidhiano haina mpiga picha, kwa hiyo iwekeni kwenye makubaliano ya maandishi.